Paja la Nani

Punda alikuwa amefika Kiwira bila kutoka sebuleni. Kioo chake kiliandika hivyo kwa herufi za kijani, kikatoa pongezi, kikaonyesha na katuni ya mtu anayerukaruka kwa furaha. Lwitiko Mwaijande aliitazama ile katuni akaona ni dharau tupu. Mtu ana magoti mawili yanayomtii, halafu anakuja kukurukia mbele ya uso.

Punda lilikuwa jina la nyumbani. Jina la kiwandani lilikuwa refu, la kutamkwa na mtu aliyekwisha kula. Ilikuwa ni baiskeli isiyo na tandiko wala magurudumu. Unasogeza kiti chako cha magurudumu mbele yake, unafunga nyayo kwenye pedali, unavaa mkanda wa umeme mapajani, na mkanda unaiamsha misuli kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, mpaka miguu ambayo haijapokea amri yako kwa miaka minne inaanza kuchapa kazi kama vibarua wa mtu mwingine. Wewe unakaa tu. Ukitaka unamenya ndizi. Ukitaka unasinzia.

Ila Jumanne hiyo miguu ya Lwitiko haikuwa kwenye Punda. Ilikuwa imetulia kwenye kibao cha kiti, ndani ya soksi nzito, kama wastaafu wanaosubiri chai. Pedali alizipandisha hadi usawa wa kifua, akawa anazizungusha kwa mikono. Na mkanda? Mkanda ulivaliwa na mgomba.

Hii ilikuwa elimu ya watu wa viti pale Tukuyu, na haikufundishwa kliniki. Kipande cha shina la mgomba, kikiwa kibichi, kimejaa maji. Mkanda ukikigusa unadhani umekutana na paja, tena paja la mtu aliyelishwa. Punda anahesabu mizunguko, mkanda unaripoti kwamba nyama ipo, na huko inakopelekwa taarifa kila mtu anafurahi. Waliita kumkalisha mgomba. Wavivu walimkalisha mgomba ili waangalie mpira. Lwitiko alimkalisha kwa ajili ya mdogo wake, Atuganile, ambaye kwa wiki nzima alikuwa anapanda ngazi tatu za mlangoni kama mtu anayepanda Mlima Rungwe.

Maana Atuganile ndiye aliyekuwa msikizi wake.

Miguu ya Lwitiko haikuwa bubu. Tangu alipoanguka kutoka kwenye mparachichi wa jirani, tena jirani ambaye hakumwalika, kilichokatika kilikuwa ni njia ya habari kumfikia yeye. Miguu iliendelea kulalamika, ila malalamiko yaliishia kiunoni, kwenye uti uliovunjika. Ndipo wataalamu wakapandikiza kitufe chini ya ngozi ya mgongo, kikayaokota yale malalamiko na kuyatupa hewani, hadi kwenye kipokezi kilichobandikwa nyuma ya sikio la Atuganile. Kipokezi kikayachora upya mwilini mwake, mahali palepale. Paja la kaka likichoka, la mdogo mtu linachoka. Chai ikimwagikia goti la Lwitiko, anayeruka na kupiga kelele ni Atuganile, hata kama yuko sokoni anachagua vitunguu.

Sheria ililazimisha. Miaka ya mwanzo ya mikanda watu walivunjika mifupa juu ya mashine zao wakaendelea kupiga pedali huku wakitabasamu. Mmoja aliota moto wa jikoni mpaka akasikia harufu ya nyama, akauliza nani anachoma. Mguu ulikuwa wake. Tangu hapo ikawa hakuna mkanda bila msikizi, na msikizi awe ndugu wa damu, kwa kuwa kipokezi kinakataa mwili mgeni. Lwitiko alikuwa na ndugu wa damu mmoja duniani.

Alimvua mgomba mkanda, akakitupa kile kipande cha shina uani kwa ndama wa jirani, akarudisha pedali chini. Mabega yalikuwa yanamuuma. Yalikuwa yake mwenyewe, na maumivu yalikuwa yake mwenyewe, akayafurahia kidogo.

Jua lilipokuwa linazama Atuganile aliingia, vipande vya uzi wa sweta vimemganda kwenye sketi. Alikuwa fundi wa kushona sweta za shule, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

"We kaka," alisema, akajitupa kwenye kochi. "We kaka una roho mbaya. Leo umenikimbiza wapi?"

"Kiwira."

"Kiwira ukafuate nini? Paja la kushoto linawaka moto. Nimeshona mikono ya sweta inapishana, mmoja wa mtoto wa chekechea, mwingine wa mwalimu mkuu."

Lwitiko aliinamia sahani yake. Ndizi zilikuwa chache, maharage mengi, mboga za majani mlima.

"La kushoto?" aliuliza.

"La kushoto. Lete hapa nilikande."

Huu ndio ulikuwa utaratibu wao. Maumivu yakimzidi, Atuganile hakuwa anakanda paja lake. Alikanda la kaka yake, kwa sababu ndiko maumivu yalikozaliwa. Alivuta kigoda, akaweka mguu wa Lwitiko mapajani kwake, akapaka mafuta, akaanza kuukanda kama unga wa chapati, amefumba macho, anasubiri nafuu ije kwake. Kwa kawaida ilikuja mara moja. Alikuwa anashusha pumzi, anasema "hapo hapo," na Lwitiko anamtania kwamba yeye ndiye mtu pekee Tanzania anayekandwa na asiambulie kitu.

Leo alikanda. Akakanda tena.

"Haiachii," alisema.

"Labda mafuta yamekwisha nguvu."

"Mafuta yanakwisha nguvu, ni betri?"

Lwitiko alicheka kwa kuwa ilikuwa zamu yake kucheka. Ndani hakusikia chochote. Aliitazama mikono ya mdogo wake ikifanya kazi kwenye mguu uliolala mchana kutwa, akahisi kama anatazama video ya watu asiowajua, sauti imezimwa.

* * *

Jumatano alimkalisha mgomba tena. Safari hii hakufanya kwa huruma.

Alitaka kuwa na uhakika, hivyo ndivyo alivyojiambia. Huenda jana ni masalia ya juzi. Misuli ina kumbukumbu, alishawahi kusikia mtu akisema hivyo, ingawa aliyesema alikuwa anauza dawa za misuli. Kwa hiyo aliupumzisha mguu wa kushoto kama yai. Hakuugonga popote. Aliukagua kwa kioo cha mkononi, juu na chini, kisigino, goti, paja lote, kama alivyofundishwa kujikagua vidonda. Ngozi safi. Hakuna uvimbe wala wekundu. Mguu mzuri kabisa, wa kuweka dirishani mwa duka la soksi.

Jioni Atuganile aliingia ameshika ukuta.

"Leo tena?" alisema. Hakuongeza utani. Alikaa, akavuta sketi juu kidogo, akaibonyeza nyama ya juu ya goti kwa kidole. Kidole kiliacha shimo ambalo lilichukua muda kujaa.

Lwitiko aliliona lile shimo. Aliliona likijaa polepole.

Siku ya Ijumaa ndipo walipotakiwa kliniki ya mkoa, Mbeya, kupimwa kwa ajili ya Daraja. Daraja ni nyuzi zinazooteshwa kuunganisha pande mbili za uti, na wanaopandikizwa hawawi wakimbiaji, hilo wanaambiwa mapema. Wanapata kusimama. Wanapata kujua kwamba kibofu kimejaa. Wengine wanapata vidole vya miguu, na wanakaa siku nzima wanavitikisa. Ili upewe, sharti mifupa yako iwe imezoea kubeba kazi, na sharti kiungo kati yako na msikizi wako kiwe kimewaka miezi sita bila kukatika, kuthibitisha kwamba njia zako za habari bado zinapitisha kitu. Kikikatika, hata kwa saa moja, unarudi mwisho wa foleni. Foleni yenyewe ni ya miaka, na mifupa ya mtu aliyekaa haina subira hiyo.

Na msikizi hatakiwi kumeza dawa ya maumivu. Na msikizi akilazwa, kiungo kinazimwa kabla hajavuliwa viatu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Lwitiko alikula chakula chake. Alikuta sahani imekwisha na hakumbuki ladha ya kitu chochote. Atuganile aliuliza kama maharage yameiva, akajibu yameiva.

"Ijumaa nitavaa lile gauni la bluu," Atuganile alisema. "Nisije nikaonekana ni mimi niliyeanguka kwenye mti."

"Vaa."

"Una nini? Umekuwa kama meseji ya mtandao wa simu."

"Nimechoka."

"Umechoka wewe! Na mimi niliyetembea mwendo wako nisemeje?"

Alikuwa na nafasi ya kusema pale. Mdomo ulikuwa mtupu, hata ndizi haikuwamo. Alizikusanya sahani mapajani, akajisukuma kwenda jikoni.

* * *

Alhamisi asubuhi alikuja Bi Subilaga, pikipiki yake ya umeme ikiwa imepakwa tope hadi kwenye kioo. Alikuwa mtaalamu wa lishe na mazoezi wa watu wa viti, wilaya nzima, na tabia yake ya kwanza ilikuwa kufunua sufuria kabla ya kusalimia.

"Shikamoo Bi Subilaga."

"Marahaba. Huu wali ni wa nani?"

"Wa Atuganile."

"Haya. Kijiko kisije kikapotea njia kikaingia kwako." Alikaa, akavua kofia ngumu. "Lwitiko, mwanangu, nikuambie mara ngapi? Misuli ya miguu ndiyo mlaji mkubwa kwenye mwili wa mtu. Ya kwako inakula pale tu Punda anapozunguka. Ukila kama kibarua wa chai, kinachobaki kinajijenga tumboni na kwenye mishipa ya moyo, na hutakisikia kikijenga. Maharage, mayai, mtindi, hivyo kula, ngozi yako inavihitaji isitoboke. Mboga na matunda kwa ajili ya choo. Maji je?"

"Nakunywa."

"Mkojo una rangi gani?"

"Bi Subilaga, ni asubuhi."

"Rangi gani?"

"Ya maji ya mahindi."

"Afadhali." Alimbonyeza mabega, akayatazama vizuri. "Haya mabega mbona yamevimba hivi? Unafua nguo za kijiji?"

Lwitiko alivuta pumzi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na ile migomba ilisimama pale nyuma ya dirisha kama mashahidi walioitwa kwa jina.

"Nina swali," alisema. "La rafiki yangu."

"Rafiki zako wote wana maswali yanayofanana na wewe. Uliza."

"Huyu ni mzima. Anatembea. Ila paja moja linamuuma, halijagongwa. Limevimba, la upande mmoja tu. Ukilibonyeza linaacha shimo. Nadhani lina joto."

Bi Subilaga aliacha kutikisa mguu.

"Kazi yake ya kukaa?"

"Anashona. Sasa hivi ni kutwa nzima, hata chakula anakula palepale kwenye mashine."

"Limeanza lini?"

"Wiki. Na zaidi kidogo."

"Huyo anatakiwa awe kituo cha afya sasa hivi, si kesho. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Donge likibanduka linapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo huna muda wa kutafuta hata viatu. Asikandwe kabisa. Wamemkanda?"

"Hapana," Lwitiko alisema. "Wamemkanda mtu mwingine."

Mama yule aliweka kofia yake ngumu sakafuni. Alimjua Atuganile. Alijua anashona nini. Lwitiko aliona habari ikiingia machoni mwake, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Miezi yote hii napima sahani yako," Bi Subilaga alisema kwa sauti ya chini. "Nakuhimiza usikae tu. Kumbe mkaaji ni yule mwingine, na hakuna aliyemhesabia hata hatua." Alisimama. "Kesho ni kipimo chako."

"Najua."

"Mimi naweza kutoa taarifa sasa hivi. Kiungo kitazimwa kutoka huko huko."

"Usitoe. Nipe muda wa kufika kwenye kibanda chake."

"Na usipofika?"

Lwitiko alifungua breki za kiti. Alijichungulia ndani atafute woga, au huzuni, au hata hasira dhidi ya uti wa mgongo, dhidi ya mparachichi. Kote kulikuwa kama kiunoni kwenda chini. Alisukuma magurudumu akatoka.

* * *

Kibanda cha Atuganile kilikuwa mita chache kutoka nyumbani, upande wa barabara. Alikuwa ameinamia mashine, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya marobota ya uzi.

"Umekuja kunipa pole?" alisema bila kuinua kichwa. "Maana leo hujampanda Punda bado na tayari linawaka. Umelalia nini usiku?"

"Sikumpanda jana wala juzi."

"Unasema nini?"

"Nilimkalisha mgomba. Siku zote mbili."

Mashine ilinyamaza. Atuganile alinyanyua kichwa, kwanza kwa hasira ya kawaida, ile ya mdogo mtu aliyedanganywa.

"Kaka, we ni mpumbavu? Kipimo ni kesho! Mifupa yako..."

"Atu. Sikumpanda. Miguu ililala tu."

Alifungua mdomo amjibu, akauacha wazi. Alilitazama paja lake. Akalitazama la kaka yake. Alirudi tena kwenye lake, kwa mashaka, kama mtu aliyekuta mgeni kakaa kwenye kiti chake.

"Basi umelala vibaya," alisema.

"Nimejikagua kwa kioo. Sina kitu. Bi Subilaga anasema ni damu imeganda. Anasema twende sasa hivi."

"Tutakwenda. Kesho, tukimaliza Mbeya. Hospitali ziko kibao Mbeya. Unapimwa wewe asubuhi, napimwa mimi mchana, tunakula chipsi, tunarudi."

"Hapana."

"Usinipangie. Ni paja langu!"

"Wiki nzima ulikuwa unasema ni langu."

Atuganile alikata uzi kwa meno. Kisha akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "Mimi nimesubiri miezi sita hii kuliko wewe, unajua? Wewe husikii. Mimi ndiye ninayejua visigino vyako vinavyokuwa na baridi. Najua unavyochoka. Nataka uchukue mwenyewe, uje uone. Siku moja tu, kaka. Nimevumilia mengi, siku moja inanishinda?"

Lwitiko alilisikia kila neno. Alielewa kwamba hapo ndipo mtu angelia. Aliona pia, waziwazi, kwamba yeye alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo hiyo Jumatano, mbele ya sahani ya maharage, na hesabu ilikuwa imekubali. Siku mbili tu. Alikuwa amemtazama mdogo wake akishika ukuta, akasema maharage yameiva.

Alitoa simu. Akafungua ukurasa wa kiungo. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, kwa heshima zote, ikamkumbusha kwamba miezi sita itafutika na haitarudi.

"Lwitiko, usithubutu."

Alibonyeza Ndiyo.

Taa ndogo nyuma ya sikio la Atuganile ilizimika. Aliishika kwa mkono, kama mtu aliyeng'atwa na mbu. Uso wake ulilegea, na kwa dakika moja alikaa akisikiliza mwili wake, nyumba iliyohamwa na wapangaji. Visigino vya baridi vilikuwa vimeondoka. Uchovu wa kiuno uliondoka. Aliinua mguu wa kulia, akautikisa, ulikuwa mwepesi.

Kisha akajaribu kuinua wa kushoto, akapiga yowe.

"Bado lipo," alisema. Machozi yalimtoka bila kelele. "Kaka. Bado lipo."

"Najua."

"Umeitupa. Umeitupa yote."

"Najua. Njoo."

Ndege ya wagonjwa haikuweza kuja. Bi Subilaga aliyekuwa amewafuata alikwisha piga, wakamwambia ukungu wa Tukuyu haujawahi kuwasikiliza na leo hautaanza. Alitangulia na pikipiki kuandaa watu kituoni. Kushuka huko hakukuwa mbali, lakini Atuganile asingeweza kutembea, na kiti kilikuwa kimoja.

"Kaa hapa," Lwitiko alisema, akapiga mapaja yake.

"Nitakuvunja."

"Kaa, bwana. Tutagombana njiani."

Alikaa. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, Lwitiko alijua hivyo kwa mabega tu, pale alipoyasukuma magurudumu na yakakataa, kisha yakakubali. Barabara ilikuwa na utelezi. Aliachia kidogo, akashika, akaachia, viganja vinamuungua kwenye vyuma. Mguu uliovimba wa Atuganile ulikuwa unaning'inia pembeni, ndala imebaki kwenye kidole kimoja. Uzito wake wote ulikuwa umekaa juu ya mapaja mawili ambayo asubuhi ile yalikuwa ya watu wawili.

Walipofika kwenye kona, kiti kiligonga jiwe, kikarusha mtu na mwenzake, kikatulia. Atuganile alimshika shingo. Kwa mazoea alisubiri. Alikunja uso tayari kwa maumivu, hayakuja.

"Nimekuumiza?" aliuliza.

Lwitiko aliiangalia miguu yake chini ya gauni la mdogo wake. Ilikuwa imelalia upande, goti moja limebanwa na chuma.

"Sijui," alisema, akasukuma.